Mtakatifu wa marumaru na mzee wa Malindi

Baridi imetufungia ndani huku Thorncliffe Park, na mtu akifungiwa ndani hufikiri mambo ya mbali. Leo nina neno juu ya sanamu moja iliyoko Roma. Najua wengine mtasema, sanamu za Roma zina nini na sisi watu wa pwani? Subirini kidogo.

Katika kanisa la Sant'Apollinare kuna sanamu ya marumaru ya Mtakatifu Francis Xavier. Aliichonga Mfaransa Pierre Le Gros mwaka 1702, enzi za mtindo wa Baroko, mtindo usiopenda kitu kitulie: nguo lazima ijikunje na kupepea, uso lazima uzame katika hisia. Mtakatifu anautazama msalaba wake kwa mapenzi, na hapo kando pana kaa. Ndiyo, kaa wa baharini! Hadithi inasema Xavier alipoteza msalaba wake katika tufani huko visiwa vya Maluku (ndiko asili ya mikarafuu ya Unguja na Pemba), kisha kaa akatoka majini ameubeba kwa magando yake, akamrudishia.

Kazi nzuri, sibishi, ingawa mimi nimeiona kwa picha tu. Lakini kinachonikera ni kwamba mtu huyu anachongwa peke yake, yeye na msalaba wake, na mwenzake pekee ni kaa. Wakati kabla ya Maluku, kabla hata ya Goa, alipita kwetu na akaongea na watu.

Ilikuwa mwaka 1542. Meli yake ikitoka Msumbiji kwenda Goa ilitia nanga Malindi. Mwaka huo huo aliwaandikia wenzake wa Roma barua akisimulia safari. Anasema aliukuta mji wa Waislamu wenye urafiki na Wareno. Walimzika pale mtu mmoja aliyefia melini, na wenyeji wakayasifu mazishi yale. Kisha mkubwa mmoja wa mji (jina hatulijui, mimi namwita mzee tu) akamwuliza kama huko kwao Wakristo bado wanajaa makanisani na kusali kwa moyo. Maana Malindi, alisema, ibada imepoa: misikiti ni 17, inayosaliwa ni mitatu tu, na hiyo nayo kwa watu wachache.

Xavier alimjibu nini? Kwamba Mungu hapendezwi na sala za watu wasio na imani ya kweli, ndiyo sababu zinafifia. Mzee hakuridhika. Angeridhikaje?

Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, na kila Desemba 3 namkumbuka mtakatifu huyu. Ila katika mazungumzo yale namwona mzee ndiye muungwana. Aliuliza kama jirani anavyomuuliza jirani habari za nyumbani, akajibiwa kama mshindani.

Swali lake mimi nalisikia hapa kwenye lifti. Maghorofa yetu yamejaa Wapakistani, Waafghani, na wazee wa Kiismailia waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania, wengine walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 na Kiswahili chao bado kipo. Baba mmoja wa Kipakistani aliniuliza kama wanangu wanakwenda kanisani. Wake, anasema, tangu wapate simu, msikitini mpaka awasukume. Nikamwambia wangu kila Jumapili asubuhi huumwa tumbo. Tulicheka mpaka ghorofa ya chini. Hebu fikirini ningemjibu kama Xavier! Lifti ile ingekuwa ndefu sana.

Anti mmoja wa Kigoa, mzaliwa wa Nairobi, alinigombeza nilipomweleza haya. Alisema mtu ahukumiwe kwa zama zake, na kwamba Xavier aliuguza wagonjwa kule Msumbiji wakati wengine wanawakimbia. Ni kweli, na Wagoa wana haki ya kumpenda, mwili wake uko kwao. Anti alikwenda hata kuuona mkono wa mtakatifu ulipoletwa Toronto Januari 2018. Mkono huo, wa kulia, hukaa Roma katika kanisa la Gesù, na kwa ziara ya Kanada ulipewa kiti chake ndani ya ndege. Sijui sisi wengine tulikosa nini, na viza tulizozipanga foleni!

Lakini kumpenda mtakatifu hakutulazimishi kupenda kila alichosema, wala kumsahau aliyesimama mbele yake. Malindi kile kikanisa cha Wareno kipo bado, kidogo, cha paa la makuti, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wageni huambiwa kwamba Xavier alifika. Mimi ningetaka waambiwe na habari za mzee. Sanamu hapana, Mwislamu yule asingependa kuchongwa umbo lake, na hilo tuliheshimu. Itoshe ubao wa mbao ngumu, wachonge mafundi wa Lamu kwa nakshi zile zile za milango yao, na katikati liandikwe swali lake kwa Kiswahili. Jibu la Xavier lisiwekwe.