Vijana wetu wanamlenga nani?

Malalamiko juu ya vibanda vya gemu si jambo geni tena katika mkoa wetu. Kuanzia Kirumba, Mabatini na Igoma hadi Nansio, na katika mialo ambako umeme umefika, wapo wazazi wanaonung'unika kwamba watoto wao hushinda humo wakibonyeza vitufe badala ya kusoma au kusaidia kazi za nyumbani. Na kila wazazi wanaponung'unika, hakosekani kiongozi wa kusimama na kutishia kufuli. Mzazi ana haki ya kulalamika. Lakini kufuli si hoja, na kiongozi anayefunga asichokijua hawezi kuwaeleza wananchi kwa nini amekifunga. Kwa sababu hiyo leo tunapenda kuyatazama yaliyomo ndani ya vibanda hivyo, hasa michezo ya bunduki, na kuuliza swali moja ambalo wachezaji hawaliulizi, na viongozi nao hawaliulizi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mfalme wa vibanda ni mpira wa miguu. Huo tunauacha kwa wenye mpira. Baada yake ndiyo huja michezo ya kulenga na kupiga risasi, na hiyo ndiyo inayowatia wazee hofu. Visiwani jambo hili lina majira yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapotanda nyavu hupumzika. Siku hizo kijana wa kambini ana fedha mfukoni na hana kazi mkononi, na kibanda ndipo mahali penye taa na wenzake. Anayetaka kukifunga kibanda hicho hana budi kwanza kueleza kijana huyo aende wapi.

Wala michezo hii si ya jana. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo wa kuzipiga safu za maadui washukao kutoka angani. Mwaka 1984 Nintendo ikatoa Duck Hunt, ambamo mchezaji alishika bunduki ya plastiki na kuwalenga bata kwenye kioo cha televisheni. Mwaka 1987 Konami ikatoa Contra, na mwaka uliofuata mchezo huo ukaingia katika mashine za nyumbani. Nakala za bei nafuu za mashine hizo zilifika kwetu katika miaka ya 1990, zikaunganishwa na televisheni za chogo, na wengi walio katika ofisi za umma leo waliujua Contra vizuri kuliko jedwali la kuzidisha. Hao hawahitaji kuambiwa kwamba ukibonyeza juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A, mashine hukupa roho 30. Watu hao hawakugeuka majambazi. Wamekuwa walimu, maafisa ugani, makarani na watendaji wa kata.

Tunayasema haya ili hofu isitangulie akili. Wapo wasemao kwamba anayepiga risasi kiooni kesho atapiga risasi barabarani. Dai hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2011 mahakama hiyo ilibatilisha sheria ya jimbo la California iliyozuia michezo ya ukatili kuuzwa kwa watoto, ikieleza, pamoja na mambo mengine, kwamba tafiti zilizoletwa hazikuthibitisha kuwa michezo hiyo ndiyo chanzo cha ukatili wa watoto. Korea ya Kusini nayo ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kwenye mtandao usiku wa manane. Miaka kumi baadaye iliamua kuifuta, kwa kuwa watoto walikuwa wamehamia kwenye simu, ambazo sheria hiyo haikuzigusa. Anayeziba mto kwa kiganja huambulia kulowa.

Sasa tuingie kibandani. Jambo la kwanza utakalolisikia ni ubishi juu ya kifaa cha mkononi, ambacho vijana wenyewe hukiita padi. Ubishi huo una elimu ndani yake, na mzee anayeudharau anakosea. Mwaka 1997 mchezo wa GoldenEye 007 ulichezwa kwa padi yenye kijiti kimoja. Mwaka huo huo Sony ikatoa padi ya DualShock yenye vijiti viwili. Mwaka 2000 ukaja Alien Resurrection, uliotaka mchezaji atembee kwa kijiti cha kushoto na kulenga kwa cha kulia, na wapo wahakiki waliolalamika kwamba haiwezekani. Mwaka mmoja baadaye Halo ukaja na mpango unaofanana na huo, na tangu hapo mpango huo umekuwa kama sheria. Wengine husema kwamba padi haifai kabisa kwa bunduki, kwa kuwa kipanya cha kompyuta hulenga upesi zaidi. Ili kuwasawazisha, watengenezaji humpa mwenye padi msaada wa kulenga, yaani mashine humvutia shabaha kimyakimya. Wenye kipanya huuita wizi, na wenye padi huuita haki.

Huo ni ubishi wa matajiri. Katika vibanda vyetu ubishi ni kati ya padi orijino na padi feki, ile ambayo kijiti chake hujisogeza chenyewe hata kabla hakijaguswa. Aliyewahi huchukua iliyo nzima, na aliyechelewa hushindwa kabla mchezo haujaanza.

Jambo la pili ni nishani. Mwaka 2005 Microsoft, katika mashine yake ya Xbox 360, ilianza kumwandikia mchezaji alama kwa kila kazi aliyoitimiza. Mwaka 2008 Sony ikafuata kwa vikombe vya shaba, fedha na dhahabu, na juu yake platinamu kwa aliyemaliza yote. Vijana hukesha kwa ajili ya vikombe hivyo, ambavyo havijazi hata kijiko. Na hapa wale waliosoma siasa ya nchi hii watatabasamu kwa uchungu. Kibandani mashine hufunguliwa kwa jina la mwenye kibanda, hivyo kila kikombe anachokipigania kijana huandikwa kwa jina la yule mwingine. Mtoto amelipa fedha yake, ametoa jasho lake, na heshima imekwenda kwa mwenye mali. Tukitaka mfano mwepesi wa kumfundishia kijana maana ya unyonyaji, tunao pale pale anapokaa.

Basi katika ubishi wote huo, wa padi na wa nishani, hatumsikii anayeuliza: huyu aliye mbele ya mtutu ni nani?

Tuchukue mfano wa kwanza. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Mambo yake hutendeka katika mji wa kubuni wa Afrika, uliopewa jina la Kijuju. Wanaopigwa risasi ni wakazi walioingiwa na vimelea vya kuwapotosha akili, na mchezo unawaita Majini. Mtoto aliyepita chuoni hahitaji tafsiri ya neno hilo. Na Majini hao wanapomkimbilia mchezaji, kelele wanazopiga ni za Kiswahili. Haki ituongoze kusema kwamba mmoja wa mashujaa wawili wa mchezo huo, Sheva Alomar, ni mwanamke wa Kiafrika, na kwamba mabishano juu ya picha zake za mwanzo yalizuka huko huko ughaibuni tangu mwaka 2007. Hata hivyo jambo linabaki palepale. Lugha iliyoyaunganisha makabila zaidi ya mia moja ya nchi hii, lugha ya bunge letu na ya shule zetu, imewekwa humo iwe sauti ya kiumbe anayestahili kuuawa. Kijana wa Ukara anaielewa kila kelele, kisha anafyatua, kisha anapewa kikombe.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2012 kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa Call of Duty: Black Ops II. Sura yake ya kwanza ni Angola, mwaka 1986. Mchezaji huwekwa bega kwa bega na Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA, na kazi anayopewa ni kuwamaliza askari wa MPLA. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa hawahitaji kukumbushwa, lakini vijana wanahitaji. Katika miaka hiyo Savimbi alisaidiwa na majeshi ya makaburu wa Afrika Kusini, na Januari 1986 alipokewa Ikulu ya Marekani. Nchi yetu ilikuwa upande wa pili. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliundwa mwaka 1963 na kuwa na makao yake Dar es Salaam hadi ilipovunjwa mwaka 1994. Kongwa, mkoani Dodoma, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa nchi mbalimbali, na MPLA walikuwamo. Watu waliolala katika ardhi yetu na kula ugali wetu ndio wanaowekwa leo mbele ya bunduki ya mtoto wetu, naye anawaangusha huku akishangiliwa.

Wala wasidhani wasomaji kwamba upande mwingine umetendewa haki. Mwaka 2016 watoto wa Savimbi mwenyewe waliishtaki kampuni hiyo huko Ufaransa, wakidai kwamba baba yao ameonyeshwa kama mshenzi mwenye kiu ya damu, na mahakama ikatupilia mbali madai yao. Hivyo Mwafrika aliye upande wa mchezaji amelalamika, na Mwafrika aliye mbele ya mtutu hakuulizwa. Aliyefaidi ni mwenye kuuza.

Sisi wa mwambao huu hatuijui vita kwa kuiona kiooni tu. Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya kivita ya Libya iliyokuja kumnusuru Idi Amin iliulenga mji wa Mwanza. Makombora yaliukosa mji yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala na ndege wa hifadhi. Historia hiyo iko umbali wa kuvuka kwa mtumbwi kutoka Capri Point, lakini kijana anayeweza kutaja kila bunduki ya Call of Duty, na uzito wa kila risasi yake, hajasimuliwa. Kosa hilo si lake. Kampuni ya Marekani haina wajibu wa kumfundisha mtoto wa Nansio historia ya nchi yake. Wajibu huo ni wetu, na hatujautimiza.

Basi tunawaomba viongozi wa Halmashauri mambo matatu, nayo yote yamo ndani ya uwezo wao.

Kwanza, sheria ndogo zitungwe zenye masharti yanayoeleweka: watoto wa shule wasiingie vibandani saa za masomo wala usiku, na michezo ya watu wazima isichezwe na watoto. Michezo yote miwili tuliyoitaja imewekewa alama ya miaka 18 huko Ulaya na miaka 17 huko Marekani. Alama hiyo hubandikwa kwenye jalada, na kibandani mteja halioni jalada, kwa hiyo ibandikwe ukutani. Fedha za dau zikiwekwa mezani, hapo mchezo umegeuka kamari, na kamari ina sheria yake tangu mwaka 2003.

Pili, maafisa utamaduni, maafisa maendeleo na walimu wa historia waingie vibandani, wakae, washike padi, washindwe na watoto. Kisha waulize lile swali la anayelengwa. Saa moja ya mazungumzo juu ya Angola mbele ya kioo kile itamwingia kijana kuliko kurasa kumi za daftari, kwa maana tayari amekwisha kukanyaga, kwa kidole, ardhi inayozungumzwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, vijana hao wafundishwe kutengeneza. Mchezo wa kompyuta ni hadithi, picha na hesabu, na vyote vitatu hufundishwa mashuleni. Kameruni imekwisha kuonyesha njia: mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa Aurion, mchezo uliojengwa juu ya mila na hadithi za Kiafrika.

Wenye shaka waitazame Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Wachapishaji hawakupatikana kwa lugha hiyo. Mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa mwaka 1980, miezi michache kabla hajafariki. Miaka thelathini na mitano mwanakisiwa huyo alishikilia kwamba maisha ya watu wake yanastahili kusimuliwa na watu wake. Hakuwa na umeme wala kompyuta.

Vijana wa leo wanavyo. Wana macho makali, vidole vyepesi na subira ya kurudia jambo mara mia hadi walipatie. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba aliyeichora bunduki ile, akaamua nani aishike na nani aangukie mbele yake, ni mtu kama wao aliyekaa mezani akafanya kazi. Viongozi wakiwaambia hivyo, na kuwapa meza ya kukalia, hapatakuwa na haja ya kufuli.