Ngoma Si Kipaza Sauti cha Ofisi

Kila ugonjwa mkubwa unapoingia, ndipo vikundi vya ngoma vya vijijini hukumbukwa. Gari hufika, karatasi yenye ujumbe hutolewa, na vijana huambiwa wautungie wimbo upesi kabla mgeni rasmi hajawasili. Nimeyaona hayo hapa Nyamigogo na katika vijiji vingine vya Biharamulo na Ngara. Wananchi hupiga makofi, wageni huondoka, na maswali tuliyokwenda nayo mkutanoni tunarudi nayo nyumbani. Mimi nasema huko si kuitumia sanaa, ni kuikodi.

Mkoa wa Kagera hauhitaji kufundishwa maana ya janga. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Korona ilipoingia Machi 2020, sisi tulio kwenye njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi tulikuwa na sababu nyingi za kuuliza. Lakini kuanzia Mei mwaka huo nchi iliacha kwa muda mrefu kutangaza takwimu za wagonjwa. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwapo kwa Marburg wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walihesabiwa kufariki: 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa kuwa nao.

Marburg huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Karatasi ya ujumbe husema: usiguse maiti. Ni kweli tupu. Lakini mama aliyefiwa ana swali lake: nani atamwosha mwanangu, na majirani watanipaje pole bila kunishika mkono? Wimbo wa kuagizwa haulijibu swali hilo. Igizo linalotungwa na wanakijiji wenyewe hulikabili. Huonyesha msiba kama ulivyo, husimama pale penye mgogoro, na mtazamaji huitwa aingie uwanjani aonyeshe angefanya nini. Mganga wa zahanati akiwa ameketi hapo hapo, hulazimika kujibu mbele ya wote.

Sisemi jambo jipya. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikasi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hiyo na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba. Wanakijiji ndio waliotaja matatizo yao, wakayaonyesha kwa sanaa zao, kisha wakayajadili hadharani. Mbona leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, bado tunaletewa karatasi?

Watakaonipinga wana hoja mbili. Kwanza, watasema mikusanyiko hueneza maradhi. Kweli, basi wakati wa hatari igizo lirekodiwe na watu wachache, lisikike redioni, na wasikilizaji wapige simu kuuliza. Pili, watasema kijiji kikiachiwa kitatunga uvumi. Ndugu zangu, uvumi haungoji jukwaa. Tayari uko kisimani na kilabuni, nao hunenepa pale ofisi inaponyamaza. Jukwaani angalau husikika, na anayejua huupinga. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nadhani kinachoogopwa hasa si uvumi wala mikusanyiko. Kinachoogopwa ni swali. Kikundi kinachotunga chenyewe kinaweza kuonyesha zahanati isiyo na glavu, au kiongozi anayekana ugonjwa huku watu wanazika. Hayo hayapendezi mbele ya mgeni rasmi, lakini ndiyo habari ambazo idara ya afya ingepaswa kuzitafuta kwa udi na uvumba.

Kwa hiyo nadai hivi: kila kata iwe na kikundi chake kinachopewa posho hata pasipo na ugonjwa, kiwe na haki ya kuchagua chenyewe cha kuonyesha, na kila baada ya onyesho mtumishi wa afya abaki uwanjani mpaka swali la mwisho lijibiwe. Asiyeweza kubaki, asituletee karatasi.