Mtangulize Mungu, halafu?

Leo naomba tuongee kidogo kuhusu neno ambalo sisi Watanzania tunalo mdomoni kila kukicha: "Mtangulize Mungu." Unakwenda kwenye usaili wa kazi, unaambiwa mtangulize Mungu. Unaingia kwenye mtihani, mtangulize Mungu. Unaoa, unasafiri, unasubiri majibu ya hospitali, ni hivyo hivyo. Tumelizoea mpaka limekuwa kama kuagana tu.

Lakini tuseme ukweli, ni nani anayemtanguliza? Tatizo likibisha hodi, wa kwanza kupigiwa simu ni mjomba aliyeko wizarani. Wa pili ni rafiki mwenye pesa. Wengine, tena wenye shahada zao, usiku wanapita kwa mganga. Mungu tunamkumbuka daktari akishatikisa kichwa. Hapo jamani tumemtanguliza, au tumemweka mkiani?

Nimelifikiria sana neno hili kwa sababu ya yaliyoipata Biharamulo, huko Kagera. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani humo. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, wagonjwa waliohesabiwa, yaani waliothibitishwa na waliodhaniwa kuwa nao, walikuwa 10. Wote 10 walifariki. Ni ugonjwa usio na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa, na unaambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtu wa Nyamahanga, au wa Ngara pale jirani. Kwetu kumuuguza ndugu ni wajibu, na kumwosha aliyefariki ni heshima ya mwisho. Ghafla unaambiwa mkono ule ule wa upendo ndio unaoweza kukuua. Watu 281 waliorodheshwa kwamba walikaribiana na wagonjwa, wakafuatiliwa kwa siku 21, maana dalili zinaweza kuchelewa kiasi hicho. Siku 21! Kichwa kikiuma kidogo unajiuliza, je, ndiyo yenyewe? Mjomba wa wizarani hana msaada hapo. Kama virusi vimeingia vimeingia, kama havijaingia havijaingia.

Kwenye hofu kama hii huwa tunagawanyika makundi mawili. Mnakumbuka tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020, nchi ilipoitwa kwenye siku tatu za maombi dhidi ya korona. Wapo waliosema tukishaomba inatosha, barakoa ni ya wasio na imani. Wapo waliocheka wakasema maombi ni ya wasiosoma. Nionavyo mimi, wote walikuwa wameshika nusu ya jambo.

Tuliangalie neno lenyewe. Ukimtanguliza mtu, maana yake wewe unafuata nyuma. Huwezi kusema umemtanguliza mgeni njiani halafu wewe ukabaki umekaa barazani. Kumtanguliza Mungu ni kumpa nafasi ya kwanza, sio kuiacha ya pili tupu. Ya pili ni yako: kunawa mikono, kuripoti homa mapema, kuwaachia wenye vifaa wamzike marehemu hata kama moyo unakataa. Ndugu zetu Waislamu wanaita tawakali, nao watakuambia kwamba tawakali si uvivu.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Siamini hata kidogo kwamba wale 10 walikosa imani. Bila shaka wapo waliosali, na wapo waliosaliwa usiku kucha. Anayehubiri kwamba mwenye imani hapatwi na baya anawatukana marehemu na kuwaongezea wafiwa kidonda. Amani inayopatikana kwa Mungu sio hati ya dhamana kwamba majibu yatakuwa mazuri. Amani hiyo ni kujua mzigo upi ni wako na upi si wako.

Mimi mwenyewe niliwahi kusubiri majibu ya vipimo vya mtu wangu wa karibu sana. Nilisali, nikasema amina, nikachukua simu nikaanza kutafuta kila dalili kwenye intaneti mpaka saa tisa usiku. Mdomo ulishampa Mungu tatizo, mikono bado ilikuwa imeling'ang'ania. Kulipokucha nilikuwa nimechoka hata kumchemshia mgonjwa uji, na ule uji ndio ilikuwa sehemu yangu.

Ndipo nikaelewa. Tunamtanguliza Mungu ili yale yasiyo ya kwetu yawe mikononi mwake, na sisi tubaki na nguvu za kufanya ya kwetu. Ukiyabeba yote unaanguka nayo yote. Ukimwachia yote ukalala, uji hauchemki.

Basi kesho ukiwa unasubiri simu ya kazi, au majibu ya hospitali, kabla hujampigia mjomba, sali kwanza. Kisha jiulize, sehemu yangu hapa ni ipi? Inuka uifanye. Iliyobaki, ukalale.

Tafakari, na Mungu awabariki wote.