Afya ya Jamaa: Sindano ya Ganzi

Hapa Kindu, kama penginepo, yuko mtu ambaye hung'olewa jino lililooza, kisha hurudi nyumbani akinung'unika: "Nimepigwa sindano ya ganzi, nikaumia vilevile. Wangaliniongezea!" Tusimlaumu mganga upesi.

Habari ya maumivu hupita katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Dawa ya ganzi, kama lidokaini iliyobuniwa Uswidi mwaka 1943, hupenya ndani ya mishipa hiyo na kuziba njia ya habari. Lakini penye usaha pana uchachu, na katika uchachu dawa hupenya kwa shida. Ndiyo sababu mganga huweza kuidunga mbali kidogo na jipu, au kuutoa usaha kwanza.

Kuongeza ovyo ni hatari: dawa ikizidi katika damu huleta degedege, hata kusimamisha moyo. Kipimo hufuata uzito wa mwili. Basi mtoto na apimwe kwanza katika mizani. Nawe baada ya sindano, masikio yakivuma, kichwa kikizunguka, au ukionja ladha ya chuma, usinyamaze: mwambie mganga palepale.