Stabilaiza Sio Kelele ya Kunyamazishwa

Wasee wa kujiundia gari nyumbani, leo tuambiane ukweli. Kila nikiongea hapa juu ya magari haya, swali halikosi: "Nitoe stabilaiza ama niweke nene zaidi?" Msimamo wangu ni huu: usiitoe na usiiongeze mpaka ujue inafanya kazi gani kwa gari yako. Yule fundi wa "toa tu, haina maana" hatakuwa ndani ya gari siku unashuka kona za Mai Mahiu na mamako.

Kazi yenyewe ni rahisi kuelewa. Ni chuma cha springi kinachovuka gari, kimeshikana na gurudumu la kushoto na la kulia. Ukikata kona, gari inataka kulala upande wa nje. Chuma kinajinyonga na kukataa. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, chuma hakifanyi kitu. Lakini moja likiingia kwa shimo, linamvuta mwenzake. Ndio maana stabilaiza ngumu sana inakurusharusha kwa murram.

Hapa kwetu imeharibiwa jina na linki na bushi zake. Mashimo yanazimaliza, zinaanza kugonga kok-kok-kok, makanika anatoa linki zote mbili, kelele inaisha, mteja anaenda akitabasamu. Enyewe hiyo ni kung'oa jino kwa sababu nyama imekwama katikati. Badilisha linki na bushi, uache chuma kikae.

Kwa gari ya kujiundia, mchezo ni hatari zaidi. Chukua Lotus Seven, ile Colin Chapman alianza kuuza Uingereza mwaka wa 1957, watu wakiinunua vipande vipande ili kukwepa kodi. Kule mbele, stabilaiza yake ni nusu ya mkono wa juu unaoshika gurudumu. Ukiitoa, hujapunguza ugumu. Umeondoa kiungo cha gurudumu. Ford Escort Mk2 nayo hutumia stabilaiza ya mbele kuzuia mkono wa chini usiende mbele na nyuma. Escort tunaijua sisi: ilishinda Safari Rally 1972 na Hannu Mikkola, ikarudia 1977 na Björn Waldegård. Na ni spea za Escort ambazo Waingereza wengi wametumia kujiundia magari ya aina ya Seven.

Sasa, si kwamba lazima kila gari iwe nayo. Ukijiundia gari ya chini, ya kilo 500 na kitu, yenye mikono miwili kamili kila upande, inaweza kwenda vizuri kabisa bila stabilaiza. Ningeanza hivyo. Panga springi, shoki, upepo wa tairi na alaimenti kwanza. Halafu tafuta uwanja mpana usio na watu, si barabara ya umma saa tano usiku, uisikilize. Pua ikikataa kona na kwenda nje, mbele ni ngumu kuliko nyuma: legeza mbele ama ongeza kidogo nyuma. Mkia ukitaka kukupita, fanya kinyume. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, sivyo hutajua ni nini kimesaidia.

Ukiamua kuweka, usidanganywe na "ni milimita mbili tu." Ugumu wa chuma hiki hupanda kwa kipenyo kikizidishwa mara nne chenyewe kwa chenyewe. Kutoka milimita 20 hadi 22, ugumu unaongezeka kama asilimia 46. Ukifika 24, umeshapita mara mbili. Kwa hivyo ile uliyotoa kwa saluni nzito inaweza kuwa ngumu kupita kiasi kwa gari yako nyepesi. Tafuta yenye matundu kadhaa kwenye mkono: linki ikisogea karibu na chuma inakuwa ngumu, ikienda mbali inalegea. Funga linki gari ikiwa chini, dereva akiwa kwa kiti, ili chuma kisianze safari kikiwa kimeshajinyonga. Kisha pinda usukani mpaka mwisho, pande zote mbili, uone kama kinagusa paipu ya breki.

Najua wapanda mawe watanijia. Ni kweli, kwa mawe magurudumu yanahitaji uhuru. Lakini hata Jeep Wrangler Rubicon, yenye swichi ya kuachilia stabilaiza ya mbele, huiunganisha tena yenyewe ukiongeza mwendo. Waliotengeneza hiyo swichi walijua lami si mawe.

Kwa hivyo fundi wako akisema itoke, muulize swali moja: "Ikitoka, gurudumu linashikwa na nini?" Akibabaika, funga boneti, mpe ya chai, uondoke na gari yako.