Kaniki Sivai

Katika toleo lililopita la jarida letu lilichapishwa shairi la beti kumi na mbili ambalo wengi wenu mmelisoma na, nasikia, baadhi yenu mmelihifadhi kwa moyo. Mtunzi wake sitamtaja. Ni kijana, ana kipaji, na kwa umri angeweza kuwa mwanangu wa kumzaa. Mtoto wa namna hiyo hukanywa, hatangazwi sokoni. Shairi lenyewe linamkejeli mwanamke aliyevuka miaka hamsini ambaye bado anavaa rangi, anatia wanja, anabandika kikuba kifuani na kwenda harusini na viatu vya kisigino. Mtunzi anamwita ajuza asiyejijua. Anamtaka avue mapambo yake yote, ajitande nguo moja ya giza, akae na tasbihi yake kusubiri kilichobaki.

Nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa kuhesabu mizani, mara ya tatu kwa huzuni. Mizani imetimia: nane kwa nane, kumi na sita kila mshororo. Vina vya kati na vya mwisho vinaitikiana vizuri, isipokuwa katika ubeti wa saba, ambapo nashuku kuwa ni kina cha "za" kilichomwita huyo ajuza, wala si fikra. Yametupata sote hayo. Lakini hebu tustaajabu pamoja: mtu amekesha usiku kucha akiyavisha maneno yake, akiyakata na kuyapiga pindo, akiyafukiza udi mpaka yakanukia, kisha kazi aliyoyatuma maneno hayo yaliyopambika ni kuja kunivua nguo mimi.

Maana ajuza huyo ni mimi. Nina miaka hamsini na sita. Sikusomea ushairi wala tafsiri katika chuo kikuu chochote. Kiarabu nilikianzia chuoni kwa mwalimu, juu ya mkeka, na Kiingereza nilikiokota redioni na katika kamusi iliyokosa jalada. Nimezoea kuambiwa kwamba jambo fulani si saizi yangu. Safari hii nimeona nijibu.

Mume wangu alifariki mwaka 2021. Nilikaa eda kama tulivyofunzwa: miezi minne na siku kumi, bila ya hina, bila ya wanja, bila ya manukato, bila ya nguo ya kupendeza. Sikuona tabu. Mwenye msiba hana hamu ya kioo, na nguo ile nyeupe ilikuwa ikinisemea kwa wageni yale ambayo kinywa changu kisingeweza. Siku ya kutoka eda nilioga, nikafukizwa, nikavaa doti mpya aliyonipelekea dada yangu, ya rangi ya chungwa, pindo lake la korosho nyeusi. Nikatoka uani. Wifi yangu alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Wifi, rangi hizo si uwaachie wanao?"

Basi nikawaza, na mpaka leo nawaza. Eda ina mwisho. Aliyeiweka aliihesabu kwa miezi na siku, hakusema "mpaka afe". Mjane mwenye mimba hutoka eda anapojifungua, hata ikiwa ni wiki moja baada ya maziko. Ni nani, basi, aliyeongeza muda? Nani aliyemwekea eda ya maisha mwanamke ambaye kosa lake ni kutimiza miaka hamsini, awe amefiwa au hakufiwa, awe na mume ndani au hana? Sijaiona sheria hiyo katika kitabu chochote. Naiona katika vinywa vya mawifi, katika mashairi ya vijana, na katika mikono ya mafundi.

Fundi! Nilimpelekea kitambaa cha hariri ya bei rahisi, rangi ya zambarau iliyokoza, anishonee gauni la kukaa mwilini kidogo hapa begani na kiunoni, kisha literemke. Akanipima. Naam, kiuno changu si kile cha mwaka 1990. Mwili wa mwanamke aliyekoma hedhi hujipanga upya bila ya kumtaka shauri. Fundi akaandika nambari zake, akainua uso, akasema: "Shangazi, nikushonee pana tu, likufiche." Alisema kwa heshima, na ndiyo maana liliniuma. Nimfiche nani? Mwizi? Nilimwambia stara yangu iko katika mtandio na katika urefu wa nguo, na vyote hivyo nimemwachia posho ya kutosha. Mabega ashone kama nilivyomwambia. Akashona. Limekaa vizuri, ingawa nalipumulia kwa adabu.

Hapa niseme jambo kabla sijabambikiziwa. Sigombani na stara. Mimi ni mtoto wa visiwa hivi, natoka na buibui au na abaya, na nywele zangu wazijua walio mahaharimu wangu. Lakini anieleze mwenye elimu: nguo nyekundu inayofika kwenye vifundo vya miguu ina uwazi gani ambao nguo ya kijivu inayofika hapo hapo haina? Tunayozungumza si stara. Ni amri ya kutoonekana, na watu wameivika buibui la stara ili tusiitambue.

Kazi yangu ni maneno, basi niyaendee. "Ajuza" tumeipokea kutoka Kiarabu, na shina lake huko ni kushindwa, kutoweza. Mtunzi wetu analitumia kwa mtu ambaye anaweza: anaweza kuchagua nguo, kuilipia, kuivaa na kutembea nayo. Sisi wenyewe tuna neno jingine kwa umri huu: twasema mtu wa makamo. Nalo limetoka huko huko, na kule ni mahali pa kusimama, ni cheo, na kwa wapigaji taarabu ni mtindo wa sauti, ile njia ambayo wimbo huifuata ukiwa umekwisha kuchagua pa kuanzia. Na lipo lile letu la Kibantu, ambalo siku moja nililikodolea macho katika rasimu ya tafsiri nisiweze kuendelea: mtu mzima. Mzima ni aliyekamilika. Mzima ni aliye hai. Mzima ni asiye mgonjwa. Lugha imemsifu mwenye umri huu kwa maana tatu kwa pamoja. Anayetaka nijitande kama maiti anakwenda kinyume na lugha aitungiayo.

Na hiyo "nguo moja ya giza" aliyonichagulia, je, anaijua jina? Wazee wake wanaijua. Karne ya kumi na tisa, mwanamke mtumwa wa Unguja alivaa merikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa iliyokuja na majahazi ya Wamarekani, au alivaa kaniki, ambayo ni pamba iliyochovywa nili mpaka ikawa kama usiku. Mavazi yalikuwa yakisoma daraja ya mtu kabla hajafungua mdomo. Mwaka 1897 ilipotoka amri ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria, na miaka iliyofuata, waliokuwa watumwa walihamia mjini, wengi wao Ng'ambo, na miongoni mwa mambo ya mwanzo ambayo wanawake wao waliyatafuta ni kanga. Kanga ya rangi, ya pindo na mji, baadaye na jina lake chini. Waliivaa wasichana, na waliivaa wanawake ambao walikuwa wametumika mpaka mvi zikawatoka. Hao wa mwisho ndio ninaowafikiria kila niingiapo Darajani. Mwanamke wa miaka hamsini, ambaye maisha yake yote alivishwa na mwingine, anasimama mbele ya duka la Mhindi na kuchagua mwenyewe, nyekundu au ya samawati. Nani angethubutu kumwambia kuwa amechelewa? Sina ubaya na kaniki kwa mkulima akiwa shambani, inaficha uchafu na inadumu. Lakini nikichaguliwa niivae kwa sababu ya umri wangu, sivai.

Najua nitajibiwa kwa Mwana Kupona. Kila mwanamke wa pwani akisema neno juu ya mapambo, huletewa Mwana Kupona kama askari. Wataniambia kuwa utendi ule wa mwaka 1858 ulimfunza binti kujipamba kwa ajili ya mume, na mimi mume sina. Ni kweli kuwa alimwandikia bintiye, na ni kweli kuwa mume ametajwa mno humo. Lakini tazameni ni nani anayeandika. Ni mjane; Bwana Mataka wa Siu alikuwa amekwisha kufa. Ni mgonjwa, na mwenyewe anajua kuwa ni mgonjwa. Si kijana tena. Katika hali hiyo anamweleza mwanawe mambo ya harufu, ya maua, ya vidole na macho, kwa ujuzi wa mtu ambaye bado anayanusa anapoyaandika. Mtu aliyeyazika mapambo yake hayakumbuki hivyo. Mimi nimemsoma kwa miaka thelathini, na sikumwona akimwambia mwanamke yeyote: ukifika umri fulani, acha.

Na Siti binti Saad, mtoto wa wafinyanzi wa Fumba, aliyetembeza vyungu kabla hajaitwa Siti? Alizaliwa karibu na mwaka 1880. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuingiza nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri alikuwa anakaribia hamsini, umri ule ule ambao mtunzi wetu anataka watu waanze kuzima taa. Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, alipokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee kweli kweli, na sidhani kuwa kuna aliyempelekea ujumbe akavue kanga zake.

Mambo ya wanaume nitayapitia haraka maana mnayajua. Bwana wa miaka hamsini na mitano akipaka ndevu hina, akavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa inakata, kofia ya viua iliyomchukua mwanamke miezi kuishona, bakora mkononi ambayo haihitaji, watu humwita mtanashati. Akioa mke wa pili huambiwa mambo bado. Mimi nilipaka piko mara moja tu, nikaharibu foronya mbili, na nikaulizwa kama natafuta bwana. Sitafuti. Aliyekuwepo alinitosha, na aliipenda zambarau.

Kuna anayejiuliza, basi, najipamba kwa ajili ya nani. Swali hili huulizwa kana kwamba halina jibu. Asubuhi kabla sijakaa kutafsiri nasaga liwa juu ya msio wa marehemu bibi yangu, najipaka, nafunga kanga safi, ndipo nafungua daftari. Nyumbani hakuna mtu. Nikikaa na gauni la kulalia, tafsiri yangu pia huja na gauni la kulalia. Sentensi hukokota miguu. Sidai kuwa ni kanuni kwa wote. Yangu iko hivyo.

Lakini nisingeshika kalamu kwa ajili ya wifi na fundi peke yao. Nina jirani, tulicheza kitoto pamoja, mwanamke aliyekuwa akiingia harusini na harusi ikaanza. Alipofika hamsini na mbili binti yake alimwambia mbele ya watu kwamba anamtia aibu kwa rangi ya midomo. Akaifuta. Akafungia sandukuni kanga zake za kisutu. Mwaka wa kwanza alisema haendi harusini kwa sababu hana nguo ya umri wake. Mwaka wa pili haendi maulidini. Kisha akaacha hata kwenda kupima shinikizo la damu, kwa kuwa hospitali ni kweupe na watu wengi. Nikimtembelea hukaa nyuma ya mlango, sauti imekuwa ndogo, na anaomba radhi kwa kila kitu, hata kwa chai. Mtunzi wetu anapochekesha ukumbi kwa beti kumi na mbili, huyo ndiye anayezisikia.

Nitaambiwa pia kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo naipenda, lakini inamsema mkakasi usio na kitu ndani. Bibi yangu wa Pemba alikuwa na mkakasi wake mwekundu na mweusi. Ndani yake mlikuwa na dalia, pete moja ya fedha na hati ya kiwanja. Aliupaka mafuta ya nazi kila mwezi mpaka mwaka aliokufa, kwa sababu, alisema, mbao ikiachwa kavu hupasuka na vilivyomo hupotea.

Kijana wetu ana majibu, bila shaka, na kurasa hizi ni zake kama zilivyo zangu. Namwomba ajibu kwa shairi, vina vikiwa vile vile ili nipate kumfuata, na ubeti wa saba autazame vizuri. Asichelewe sana. Mwezi ujao mpwa wangu anaolewa, kikuba nimekwisha kukiagiza, asumini na kilua, na doti ya chungwa imerudi kwa fundi kupigwa pindo upya maana la kwanza limechakaa kwa kuvaliwa.