Daftari la Wiki: Upande wa Kusini Uachwe Wazi

Wiki hii hapa Kihonda, Morogoro, hakuna mazungumzo mengine ila marejesho. Kwa mama ntilie, gengeni, kijiweni kwa bodaboda, ni hayo hayo. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, imewakaba watu, hasa akina mama waliokopa walipe ada ya mtoto au waongeze mtaji. Dada mmoja wa genge aliniambia usingizi umemkimbia. Anaamka saa tisa usiku na kuanza kuhesabu madeni. Nikamuuliza kukicha huwa anafanyaje.

"Nakaa kwanza nje, naangalia mlima. Halafu ndiyo nabandika chai."

Sehemu kubwa ya daftari la leo imetokana na jibu hilo.

*

Ukisimama Kihonda ukatazama kusini, Uluguru imejaa mbele yako: Lupanga yenye mita 2,138, na Bondwa na minara yake. Tumezoea kusema mlima umetulia. Mimi nauona uko kazini. Upepo wa Bahari ya Hindi unaupanda kwa upande wa mashariki, unapoa njiani, unamwaga mvua Kinole na Matombo, na ukifika huku kwetu umebaki mkavu. Ndiyo maana wenzetu wa kule wanavuna ndizi na viungo, na sisi mahindi yetu tunayaangalia kwa wasiwasi. Maji hayo yanashuka kuwa mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam.

Nadhani kinachompoza yule dada asubuhi ni hicho. Mbele ya macho yake kuna kazi kubwa inayoendelea bila kumdai chochote. Kwa muda ule mfupi hakuna kinachomtegemea yeye. Deni liko palepale, ila anarudi jikoni akiwa mtu anayeweza kufikiri.

*

Nguvu ya kutazama tu imewahi kupimwa hospitalini. Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu walilazwa penye dirisha linaloonesha miti, nusu penye dirisha linaloonesha ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema zaidi kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu chache zaidi. Wagonjwa 46 si wengi, lakini matokeo hayo nayaamini, na huyakumbuka kila ninapoona nyumba mpya ya Kihonda ikizungushiwa ukuta mrefu kabla hata mche mmoja haujapandwa.

*

Ndege aina ya mnana wameanza kujenga kwenye mwarobaini wa mtaani kwetu. Dume, wa manjano mwenye uso mweusi, anachana uzi mwembamba wa jani la mnazi, anaukanyaga kwa mguu mmoja, kisha anaupitisha na kuukaza kwa mdomo mpaka unakuwa fundo. Kiota kikiisha, ananing'inia chini yake akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia, anavutavuta nyuzi, anatoka, anaruka zake. Majani yakishakauka na kugeuka kahawia bila jike kukikubali, dume anakifumua mwenyewe na kuanza kingine palepale.

Muda wote niliosimama pale, simu sikuikumbuka.

*

Nilipita kwa bibi jirani, mzaliwa wa Matombo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, kaa." Alikuwa ametoka kuzunguka kishamba chake cha mahindi. Kabla ya kushika jembe, bibi huzunguka kwanza, anainama, anafikicha udongo, ananyamaza. Akiwa na jambo linalomsumbua huzunguka zaidi.

Akanisimulia habari ya matuta. Miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuokoa udongo, lakini kwenye miteremko ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi unaufukia na kuleta juu udongo usio na nguvu. Mazao yakakataa. Wakulima waliliona hilo, hawakusikilizwa. Julai 1955 fujo zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa.

"Ardhi uisikilize kwanza," bibi alisema, "ndipo uilime."

Yule dada wa genge alikuwa amepania kukopa kwa mtu wa pili amlipe wa kwanza. Nilimpeleka kwa bibi. Walikaa chini ya mkwaju na daftari la madeni, wakalipitia ukurasa kwa ukurasa bila haraka. Mkopo wa pili hakuuchukua. Amekwenda kuomba nafasi kwenye kikoba cha mtaa, na majibu bado.

*

Kupanda Uluguru ni jambo jema kwa mwenye nafasi. Ila wengi wetu hatuna siku ya kutoa, na aliyebanwa na marejesho hata nauli ni mzigo. Kwa hiyo mti uwe mlangoni. Tangu reli ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, viwanja huku vinasafishwa kwa kasi, na kinachoanza kuondoka ni miembe na mikwaju ya kivuli. Jambo hilo linaniuma sana, maana chini ya miti hiyo ndipo watu walipokuwa wakitua mizigo yao.

Masika ndiyo haya, ardhi imelainika. Unayejenga, tafuta mche wa mwembe wa kubebesha, ambao hauchukui miaka mingi kuzaa. Uupande magharibi mwa nyumba, jua la alasiri lisipige dirisha. Upande wa kusini uache wazi.